Kupiga picha treni na mitumbwi ukiwa Dodoma, anza na jua

Ukitaka picha nzuri ya treni au mtumbwi huku kwetu, kamera ni swali la mwisho, swali la kwanza ni jua liko wapi. Simu yoyote yenye kamera inayoeleweka inatosha kuanzia, ila ukisimama upande mbaya wa reli hata uwe na kamera ya mamilioni treni itatoka nyeusi tii na anga jeupe. Haya twende.

Hatua ya 1: chagua upande wa kusimama

Reli hapa Dodoma kwa ujumla inaenda mashariki na magharibi, ina kona zake ila ndo hivyo, na kwa mpiga picha hiyo ni bahati kubwa. Asubuhi treni inayoelekea Dar inaangaliana na jua uso kwa uso kwahiyo kichwa chake kinawaka vizuri, wewe unakaa mbele yake kwa pembeni jua likiwa mgongoni kwako. Jioni geuza, treni inayotoka Dar ndo yenye sura.

Sasa kuna kitu wengi hawakizingatii, jua letu linahama upande. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hivi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwetu, kwahiyo simama kaskazini mwa reli. Kuanzia Oktoba mpaka Machi linapita kusini, na wewe hamia kusini. Yani ile sehemu uliyoipenda mwezi wa saba, ukirudi Disemba utakuta ubavu wa mabehewa uko kivulini na utaanza kuilaumu simu bure.

Saa nzuri ni kuanzia jua likishachomoza mpaka saa 3 asubuhi, halafu saa 10 jioni mpaka linazama. Saa 7 mchana achana nayo, mwanga unatoka juu moja kwa moja na magurudumu yote yanakuwa giza.

Hatua ya 2: ijue reli yako

Tuna reli mbili. Ya zamani ina upana wa mita moja kati ya vyuma vyake, Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914. Na kwa mnaopenda meli kama mimi, ile MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar na kupandishwa kwenye treni mpaka Kigoma ikaunganishwa kule. Manake vipande vya meli vilipita hapa hapa Dodoma, mi nikiangalia hii reli nawaza hilo kila mara.

SGR, yani ile reli mpya ya kisasa, ina upana wa milimita 1,435, inatumia umeme, na safari za Dar hadi Dodoma zilianza 2024. Hii ina uzio na waya wa volti 25,000 juu, usiruke uzio, usinyooshe fimbo ya selfi karibu na waya. Piga ukiwa kwenye madaraja ya barabara yanayopita juu au kwenye kilima, na angalia nguzo ziko upande gani ili ukae upande usio na nguzo, la sivyo kila fremu ina nguzo imekata uso wa treni. Kwa ya zamani, ukiwa na muda nenda mpaka Saranda, Manyoni, pale reli inapanda ukingo wa bonde la ufa na ina kona, treni ndefu inajikunja yote unaiona kwenye picha moja.

Hatua ya 3: omba ruhusa

Stesheni usianze kupiga tu. Mtafute stesheni masta au mlinzi, "Shikamoo mkubwa, naomba kupiga picha treni ikiingia, ni hobi yangu tu." Akikataa shukuru uondoke, kuna sehemu kibao za nje. Vijijini msalimie mwenye shamba kabla hujapita, hata ukisema "mbukwa" tu, salamu ya Kigogo, unaona uso unafunguka. Droni bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usithubutu. Na usisimame kati ya mataruma hata kama umeambiwa treni bado, SGR inaweza kwenda kilomita 160 kwa saa na inakuja kimya.

Hatua ya 4: piga

Kwa spidi hiyo ya kilomita 160 kwa saa treni inasogea mita 44 kwa sekunde moja. Shata, yani muda kamera inaopokea mwanga, ikiwa 1/250 ya sekunde treni inasogea karibu sentimita 18 wakati unapiga, ndo maana inatoka na ukungu. Weka 1/1000 au zaidi. Kwenye simu gusa skrini pale kwenye reli treni itakapopita, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, punguza mwanga kidogo manake anga la Dodoma ni kali, halafu treni ikikaribia shikilia kitufe ipige mfululizo. Fremu ninayochagua mimi ni ile ambayo kichwa kimekaribia ukingo wa picha ila hakijaugusa, na mkono wa juu unaoshika waya unaonekana wote. Kiangazi beba kitambaa laini, vumbi letu linaingia kwenye lenzi haraka sana na huku upepo hautulii.

Hatua ya 5: mitumbwi

Kwa mitumbwi nenda bwawa la Mtera, barabara ya Iringa, au bwawa la Hombolo ambako ni karibu zaidi. Wahi alfajiri kabla upepo haujaanza, maji yametulia na mtumbwi unaonekana mara mbili. Acha nafasi mbele ya mtumbwi, usiubane kwenye kona. Subiri kasia linapotoka majini, pale matone yanapodondoka na mvuvi kainama kidogo, hapo ndo bonyeza, kasia likiwa ndani ya maji mtu anaonekana kama amekaa tu. Ongea nao kwanza, wamekesha na nyavu, na ukiahidi kuwatumia picha basi tuma kweli.

Mtera kuna mamba na viboko, usichuchumae ukingoni kutafuta pembe ya chini. Na ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme ni eneo la ulinzi, kamera iwe kwenye begi mpaka umepita.

Hatua ya 6: hifadhi

Usiku huo huo andika tarehe, saa, sehemu, treni ilikuwa inaelekea wapi na namba ya kichwa kama inasomeka, halafu nakili picha sehemu ya pili nje ya simu. Ratiba ya treni ya zamani inabadilika, kwahiyo kabla ya kutoka tena pita stesheni uulize.