Choo kimoja, watu tisa: usafi kwenye nyumba yetu ya kupanga Malimbe

Nyumba yetu iko Malimbe, Mwanza, mwendo wa dakika kumi kwa mguu hadi chuoni. Vyumba vitano, wasichana tisa. Choo kimoja, bafu moja, na jiko ni kile chumba kidogo chenye sinki mwisho wa korido. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Nimeiona nyumba hii ikinuka na nimeiona ikinukia. Haya ndiyo ninayowaambia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wanapohamia na magodoro yao kichwani.

Anzeni na maji. Kuna siku bomba halitoi hata tone, na choo cha watu tisa hakisubiri. Tulichangishana tukanunua jaba la lita 200 lenye mfuniko, na kopo la kuchotea tukalifunga kamba ili lisihamie bafuni. Jaba halijazwi juu ya maji ya zamani. Kila Jumamosi, maji yakiwa yamebaki chini, sugua kuta za ndani kwa brashi, hasa ule mstari ambapo maji huishia. Mbu wa dengi hutaga pale ukutani, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tunaongeza tu, mpaka usiku mmoja nikamulika ndani kwa tochi ya simu nikaona viluwiluwi vinajinyonganyonga. Maji hayo tulikuwa tunaogea.

Bomba likikauka siku nyingi tunanunua madumu ya maji ya ziwani. Hayo msiyashike siku hiyohiyo. Kichocho huingia kupitia ngozi, huna haja ya kuyanywa. Chujeni kwa kitambaa konokono wasiingie, funikeni, yaacheni siku mbili kamili. Vimelea vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa, ndipo mnaweza kufulia na kudekia. Ya kunywa ni habari nyingine, hayo chemsheni.

Sasa choo. Ugomvi wote wa nyumba hii ulianzia chooni, na haukuwa ugomvi wa uvivu. Mwenzetu mmoja alikuwa akimwaga ndoo mbili za maji, akitoka anasema ameosha, na kwa dhati kabisa aliamini ameosha. Kwao ndivyo walivyofanya. Mwingine alikuwa haridhiki mpaka asugue kuta. Wote wawili wanaitwa "wamefanya zamu", halafu wananuniana. Kwa hiyo tulikaa tukaandika kuosha choo maana yake nini: mwaga maji kwanza, nyunyiza sabuni ya unga, sugua tundu na pale pa kukanyagia kwa brashi ya mpini mrefu, sugua ukuta hadi usawa wa goti, shika kitasa cha mlango na kopo la kutawazia navyo uvioshe kwa sabuni, suuza, kisha jiki iliyochanganywa na maji, iache dakika kumi, suuza tena. Brashi ya choo haingii bafuni. Ukimaliza, choo kikiwa kimekauka, ndipo umemaliza.

Na hili naomba mlishike: jiki haichanganywi na ile dawa kali ya choo yenye asidi. Hutoa hewa ya klorini. Mwenzetu alizimwaga zote mbili, mlango umefungwa, akidhani nguvu zitaongezeka. Tulimtoa anakohoa, macho yanamwagika, tukamkalisha uani kwenye upepo, na kifua kilimbana hadi jioni. Hata mkojo uliotuama ukikutana na jiki hutoa hewa mbaya, ndiyo maana maji yanatangulia.

Zamu tumeziandika kwenye daftari la kurasa 40, limetundikwa kwa uzi kwenye msumari karibu na swichi ya korido. Kila wiki watu wawili kwa choo na bafu, wawili jiko, mmoja korido na ndoo ya taka. Wanaobaki wanapumzika kweli, hawaulizwi kitu. Kabla ya kupanga, kila mtu analeta ratiba yake ya mitihani. Mwenye mitihani hapewi choo wiki hiyo. Tuliwahi kuweka faini ya shilingi 1,000, ikatuharibia: bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka watu walilipa wakaenda zao, uchafu ukabaki palepale. Sasa aliyekosa anarudia wiki inayofuata, hakuna kulipa.

Mtu akikosa, msimwandike kwenye kundi la WhatsApp. Nenda jioni, piga hodi mlangoni kwake, mkiwa wawili tu. "Mdogo wangu, leo choo kimetupita. Uko salama?" Mara moja nilikuta mtu ana malaria siku ya tatu, amelala na koti, na sisi tulikuwa tumeshamsema nyumba nzima. Bado naliona aibu jambo lile.

Jikoni adui ni dagaa. Nawapenda, tunakula karibu kila wiki, lakini wengi wa huku hukaushwa juu ya mchanga, na mchanga huo huja nao. Usiwaoshee kwenye sinki. Watoe vichwa juu ya gazeti, waloweke kwenye beseni la maji ya moto, waokote kwa mkono kutoka juu bila kukoroga, na utaona chini pamebaki mchanga mweusi na magamba yanayometameta kama vipande vya kioo. Suuza mara tatu. Maji yote yamwagwe nje, mbali na mlango. Bomba letu la sinki liliziba siku nne kwa sababu hiyo, na fundi alipolifungua alitoa donge la mchanga na mafuta, gumu kama udongo wa kufinyangia. Vichwa na gazeti vitoke usiku uleule; mende hawangoji asubuhi. Sufuria ya ugali ilowekwe mara tu mnapopakua.

Godoro jipya au la kurithi, likague mishono kabla halijaingia ndani, kwa ajili ya kunguni.

Kuna jioni wale wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi juu ya maji na kufuata taa. Hawaumi. Zimeni taa ya nje mapema, fungeni madirisha, na asubuhi wafagieni wakiwa wakavu. Ukiwafuta kwa kitambaa kibichi wanajipaka ukutani na rangi ya mwenye nyumba inakwenda.

Likizo ikifika, anayeondoka wa mwisho anamwaga jaba na kuligeuza mdomo chini, anafunga mtungi wa gesi, anatoa taka zote, anaacha mlango wa friji wazi kama kuna friji, na anamwaga kopo la maji kwenye tundu la sinki ili harufu isipande. Halafu anaandika tarehe kwenye daftari na kuukabidhi ufunguo wa jiko kwa mama mwenye nyumba.