SOMO: Mbwa wako kabadilika ghafla? Anza kumchunguza hivi

Wakuu, mbwa mpole akianza kukunguruma, mtaani utaambiwa karogwa au kalishwa bangi. Mimi naanza na mwili wake, ila mpangilio wa hatua ni muhimu, kwa sababu ukikosea ya kwanza unaweza kufa wewe.

Hatua ya 1: Usimguse. Tafuta kadi ya chanjo.
Kichaa cha mbwa hakiji na ukali tu. Mwoga anaweza kuwa jasiri, mchangamfu akajificha uvunguni. Sauti inakwaruza, miguu ya nyuma inalegea, taya linaning'inia na mate yanamtoka. Hapo ndipo watu huponzwa: wanadhani mfupa umemkwama kooni, wanaingiza mkono mdomoni. Usithubutu! Mfungie peke yake, mpigie afisa mifugo wa kata.

Kama keshang'ata mtu, au kalamba mahali penye mchubuko, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni karibu haiwezekani. Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira. Akifungiwa siku 10 akabaki mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Ila aliyeng'atwa asingoje siku hizo ndipo aanze chanjo.

Hatua ya 2: Tafuta maumivu.
Chanjo ikiwa sawa na hana dalili hizo, mwangalie akiinuka: anachechemea? Anatikisa kichwa, sikio linanuka? Pekua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kisha inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole uachie. Pale palipokuwa peupe parudi pinki ndani ya sekunde 2 hivi. Ufizi uliopauka au wa njano, kwa mbwa mwenye kupe aliyepoozapooza, ni safari ya kwa daktari leo, si Jumatatu. Kumpima homa kwa kiganja hakusaidii, maana joto la mbwa mzima hufika nyuzi 39.

Na tafadhali, diklofenaki na ibuprofeni zako ziache kabatini. Zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo.

Hatua ya 3: Jike?
Wengi huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, wiki 3 hivi kila mara. Miezi miwili baadaye anaweza kukusanya kandambili na kuzilinda kama watoto wake. Ni mimba ya uongo, kwa kawaida hupita yenyewe.

Hatua ya 4: Nyumbani kumebadilika nini?
Mlinzi mpya, mafundi, kichanga, fataki za mwaka mpya.

Hatua ya 5: Mrekodi kwa simu.
Akifika kwa daktari anaweza kutulia tuli, ukaonekana mzushi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, wangu alichanjwa mwaka juzi. Kichaa nikitoe kwenye hesabu?
Hapana. Huku kwetu chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Mchukulie kama hana kinga mpaka daktari aseme vingine.

Wangu siku hizi ananikunguruma nikisogelea bakuli lake. Nimchape?
Usimchape, ndugu yangu. Kukunguruma ni onyo. Ukimzoesha kulimeza, kesho atang'ata bila kukuonya. Angalia meno, mpe dawa ya minyoo kama muda umepita, na kama kuna mbwa mwingine hapo, kila mmoja alie pake.

Vipi nikimlisha pilipili? Nasikia inamrudishia ukali wa ulinzi.
Inamrudishia kuharisha. Mbwa wa lindo aliyepoa ghafla, rudi hatua ya 2, hasa kupe.

Shikamoo dokta. Mbwa wa babu ana miaka 12, usiku anazunguka uani na kubwekea ukuta.
Marahaba, ila mimi mfugaji tu, si daktari. Huenda ni uzee wa akili, au macho na masikio yamechoka. Lakini kabla ya kuusingizia uzee, pima maji anayokunywa kwa siku nzima. Yakiwa yameongezeka sana, mwambie daktari aangalie figo na sukari. Usiku mwachieni taa, na msimguse akiwa usingizini. Mwiteni kwanza.