Kontroli ikitoka nje: kanuni za Westgard kwenye mashine ya kemia

Kontroli ya asubuhi (sampuli yenye kiwango kinachojulikana, inayopimwa ili kuhakiki mashine) ikitoka nje ya mipaka, maabara nyingi huirudia. Ikitoka tena, hufunguliwa kichupa kipya. Ikiingia safari ya tatu, majibu ya wagonjwa yanaachiliwa na kazi inaendelea. Utaratibu huu ni wa hatari, kwa sababu hata mashine yenye kasoro, ukiirudia vya kutosha, itakupa namba moja nzuri. Dawa yake ni kuamua mapema kanuni ipi inakataa majibu na ipi inaonya tu, kisha kuiacha kanuni iliyovunjwa ikuonyeshe pa kutafuta.

Levey na Jennings walileta chati za udhibiti (grafu za namba za kontroli dhidi ya wastani na mipaka yake) kutoka viwandani hadi maabara za hospitali mwaka 1950. Mwaka 1981 James Westgard na wenzake wakachapisha kanuni kadhaa za kusoma chati hizo kwa pamoja. Kanuni hizo zinafanya kazi pale tu wastani na mkengeuko sanifu (SD, yaani namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni vya maabara yako mwenyewe, basi tuanzie hapo.

Kutengeneza mipaka

Pima kila kontroli angalau mara 20, kwa siku tofauti. Ukizipima zote 20 kwa siku moja, SD itatoka ndogo mno, maana haitabeba tofauti za joto la chumba, za mpimaji, wala za kalibresheni (kuirekebisha mashine kwa kalibreta, yaani sampuli yenye thamani iliyothibitishwa). Tuchukue glukosi: kontroli ya kawaida ina wastani wa 5.40 mmol/L na SD 0.12, kontroli ya juu ina wastani wa 16.20 na SD 0.36. Mipaka ya SD 2 kwa ile ya kawaida ni 5.16 hadi 5.64, na ya SD 3 ni 5.04 hadi 5.76.

Usichukue mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji ukaifanya yako. Hiyo imepanuliwa ili itoshee maabara na mashine nyingi. Karatasi ikisema 4.7 hadi 6.1 nawe ukaisoma kama SD 2, umejipa SD ya 0.35, karibu mara tatu ya ile halisi. Chati itapendeza kila siku, na haitakamata kitu.

Kosa jingine ni kufuta kila namba iliyopita SD 2 kabla ya kukokotoa. Ondoa tu zile zenye sababu iliyoandikwa, kwa mfano vichupa kubadilishana nafasi. Ukifuta zaidi ya hapo SD inasinyaa, halafu kengele zinalia bila sababu mpaka watu wanazizoea.

Kanuni zenyewe

1-2s: kontroli moja imepita SD 2. Hili ni onyo, si kukataa. Mashine nzima kabisa, yenye kontroli mbili, itavuka mpaka huu takribani mara 9 katika kila awamu 100 za kupima. Anayekataa kwa kanuni hii atachoka, na akichoka ndipo anaanza kurudia hadi iingie.

Onyo likitokea, angalia zinazofuata. 1-3s ni namba moja kupita SD 3: kataa. R-4s ni kontroli moja kupita +2 na nyingine kupita −2 ndani ya awamu ileile: kataa. Hizi mbili huelekeza zaidi kwenye kosa la nasibu, yaani kitu kinachoyumba: mapovu kwenye kitendanishi (kemikali ya kupimia), bonge la damu kwenye sindano ya kuvuta sampuli, kontroli isiyochanganywa vizuri, umeme unaopanda na kushuka.

2-2s ni namba mbili zinazofuatana kupita SD 2 upande uleule, ziwe za kontroli moja au za kontroli mbili za awamu moja. 4-1s ni nne mfululizo kupita SD 1 upande uleule. 10x ni kumi mfululizo upande mmoja wa wastani. Hizi zinaonyesha kosa la mfumo, yaani vipimo vyote vimesogea pamoja. Tazama kalibresheni, loti mpya (toleo jipya la kiwandani) ya kitendanishi, kalibreta iliyoachwa wazi ikapungua maji, taa iliyochakaa, au joto lisilofika 37 °C.

Chukua mfano huu. Kontroli ya kawaida imesoma 5.66, ya juu 16.95. Toa wastani, gawanya kwa SD: +2.17 na +2.08. Ni 2-2s, na hakuna iliyogusa SD 3. Ukirudia, ya kawaida inaweza kusoma 5.63 ikaonekana imepita, lakini mashine bado inasoma juu kwa karibu asilimia 5. Mgonjwa aliyefunga, mwenye sukari ya 6.8, atatoka na 7.1, na 7.0 ndiyo mpaka wa kugundua kisukari. Hapa kichupa kipya hakisaidii. Kagua loti na kalibreta, fanya kalibresheni upya, kisha pima kontroli zote mbili.

Kichupa chenyewe

Kontroli ya unga huharibiwa zaidi na mikono kuliko na mashine. Tumia pipeti iliyohakikiwa. Kama maelekezo yanasema uyeyushe unga kwa maji 5.0 ml, ukiweka 4.8 umepandisha kila kipimo kwa asilimia 4. Weka maji yaliyokenekwa, funga, acha kwa muda ulioandikwa, kisha zungusha kichupa taratibu. Usikitikise, kwa sababu povu huharibu protini na vimeng'enya. Gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha, na kilichoyeyushwa kisigandishwe tena. Kikinge na mwanga, la sivyo bilirubini itashuka siku hadi siku na utalaumu kitendanishi bure. Umeme ukikatika usiku, soma kipimajoto cha friza kabla ya kuyaamini yaliyomo.

Loti mpya ya kontroli ianze kupimwa sambamba na ya zamani kabla hii haijaisha. Kama una namba chache tu, tumia wastani mpya pamoja na uwiano wa SD kwa wastani wa zamani: 0.12 kwa 5.40 ni asilimia 2.2, hivyo wastani mpya wa 5.90 unapata SD ya muda ya 0.13. Ikokotoe upya ukifikisha 20.

Baada ya kukataa

Zuia majibu kwanza, ndipo utafute chanzo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha kitendanishi, kalibreta na kontroli kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kwenye daftari andika tarehe, loti, namba iliyotoka, kanuni iliyovunjwa, ulichofanya na matokeo yake, kisha weka sahihi. Wakaguzi wa SLIPTA (mpango wa WHO Afrika wa kuboresha maabara hatua kwa hatua) na wa ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba) wataitafuta kumbukumbu hiyo.

Halafu rudi kwa wagonjwa, hatua ambayo wengi huiruka. Tangu kontroli ya mwisho iliyokuwa nzuri, ni majibu gani yalishatoka? Pima tena sampuli hizo ukianzia ya mwisho kurudi nyuma, hadi majibu mapya na ya zamani yaanze kulingana. Yaliyotofautiana mpigie daktari siku hiyohiyo, na toa ripoti iliyosahihishwa.