Jinsi ya kujua kama bidhaa ni ya Tanzania ukiwa sokoni Dodoma

Wadau, ukienda soko la Majengo kununua mafuta ya kupikia usiangalie bei tu, geuza dumu usome nyuma, tafuta palipoandikwa imetengenezwa Tanzania na jina la kiwanda. Bakodi, ile mistari myeusi yenye namba chini yake, namba ikianza na 620 maana yake kampuni imeisajili bakodi yake Tanzania, ila hiyo peke yake haitoshi, mtu anaweza kusajili hapa halafu mzigo ukatoka nje, kwahiyo soma maandishi.

Alizeti mi nanunua ya huku huku kwetu, Kibaigwa au Singida. Uliza yamekamuliwa lini, alafu nusa, yakiwa yamechacha achana nayo hata kama ni ya nyumbani. Na mjue dumu moja lina watu kibao nyuma yake, mkulima, fundi wa mashine, kijana anayebeba magunia, mpaka mfugaji anayenunua mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, ukichukua mawese ya nje wote hao umewaruka, inaniuma sana nikiona mashine imefungwa na vijana wamekaa kijiweni.

Kitenge soma ukingoni, jina la kiwanda mara nyingi huwa limechapwa pale. Sabuni na asali, pita SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, uulizie wajasiriamali.