Kuotesha mbuni pori wa Kihansi, kuanzia tunda hadi kiriba

Mbuni pori wa Kihansi, Coffea kihansiensis kwa jina la kitaalamu, ni kichaka cha msitu mdogo sana: korongo la Mto Kihansi kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa, pale mto unapoporomoka kutoka nyanda za juu za Iringa kuelekea bonde la Kilombero. Ulipewa jina hilo mwaka 2004. Ni ndugu wa kahawa ya Mbozi na Rungwe, kwa hiyo aliyezoea kitalu cha kahawa ana nusu ya kazi mkononi. Nusu nyingine ndiyo inayoua miche. Mmea huu ni wa hewa yenye manyunyu ya maporomoko, na manyunyu hayo yalipungua sana maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180. Kitalu cha akiba kina maana, lakini kiwe kitalu kinachoelewa unyevu.

Kwanza kibali. Mmea uko hatarini na makazi yake yanalindwa, hivyo hakuna kuchuma hata tunda moja bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa wasimamizi wa eneo. Ukishaipata, sugua buti kwa brashi hadi tope lote litoke, ziloweke kwenye maji ya klorini, kisha ziache zikauke kabisa kabla ya safari. Idadi ya vyura wa Kihansi, walioishi korongo hilohilo, ilipoporomoka mwaka 2003, kuvu wa kitridi, anayeua vyura, alikutwa miongoni mwao, na kuvu huyo husafiri kwa maji na tope bichi.

Hakikisha umeshika mmea wenyewe. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na katikati ya vikonyo vyake kuna jani dogo sana la pembetatu lililobana shina. Maua ni meupe, hutoka kwenye makwapa ya majani. Vichaka vingine vya ukoo huu vina dalili hizohizo, kwa hiyo pasua tunda moja: mbegu ya kahawa ina upande bapa wenye mfereji katikati. Bila mfereji, hiyo si kahawa. Mfereji haukuambii ni kahawa pori ipi, ndiyo maana tawi lenye maua lililokaushwa katikati ya magazeti linatakiwa lionwe na mtaalamu wa mimea.

Chuma matunda yaliyoiva tu. Lililoiva ni laini. Ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada, mbegu inachomoka yenyewe. Bichi halifai, mbegu yake haijakomaa. Usizidishe tunda moja katika kila kumi, na gawanya uchumaji kwenye vichaka vingi badala ya kumaliza kimoja. Kila kichaka kiwe na mfuko wake wa kitambaa na namba yake. Mfuko wa plastiki uliofungwa hupata joto, matunda yanachacha na mbegu zinakufa njiani.

Mbegu za kahawa hazivumilii kukaushwa na kuwekwa ghalani kama mahindi, na mbegu adimu kama hizi hatushauri kuzijaribu bahati. Zimenye ndani ya siku mbili. Loweka usiku mmoja, sugua ute kwa mchanga safi, suuza, tupa zinazoelea. Tandaza kivulini kwa siku moja, maji ya juu yakauke tu. Jua la saa moja linatosha kuharibu kazi yote. Kisha vua kwa kucha lile ganda jembamba la rangi ya majani makavu. Mbegu iliyovuliwa huota mapema zaidi. Ikigoma, acha ganda, kwa sababu jeraha kwenye ncha yenye kiini ni hasara kubwa kuliko kuchelewa.

Sia kwenye trei ya mchanga wa mto uliochemshwa na kupoa, kina cha sentimita 10 na matundu chini. Mbegu ilale upande bapa chini, kina sentimita 1, nafasi sentimita 3. Juu ya trei pinda fito, funika kwa nailoni nyeupe, weka kivulini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasikia mmea unapenda unyevu, wanamwaga maji. Kinachotakiwa ni hewa mbichi na udongo usiotota. Tazama nailoni asubuhi. Ikiwa ina vitone vidogo upande wa ndani, usimwagilie. Ikiwa kavu, nyunyiza. Ikiwa maji yanachuruzika, funua kwa saa moja. Mche ukisinyaa shingoni usawa wa mchanga na kuanguka, huo ni ugonjwa wa kinyausi: ng'oa pamoja na mchanga unaouzunguka, punguza maji, ongeza hewa.

Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 tarajia kuota baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa baridi ya Mafinga au Njombe inaweza kupita miezi 3, na umande unaoganda Juni na Julai utaumaliza mche wa mmea uliotoka mahali pa joto zaidi. Kwa maoni yetu Kyela ni mahali pazuri zaidi kuliko Iringa mjini: pana joto, mvua na hewa nzito.

Hamisha miche ikiwa bado kama vijiti vya kiberiti, imebeba mbegu kichwani. Viriba viwe na kimo cha sentimita 25, vijazwe madebe 3 ya udongo mweusi, 2 ya samadi iliyooza kabisa, 1 ya mchanga. Toboa shimo refu kuliko mzizi, shusha mche, kisha uvute juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo ubane udongo. Mzizi uliopinda hauonekani leo. Mche hunawiri na kufa kiangazi cha mwaka wa pili au wa tatu.

Weka kivuli kizito, kiasi cha theluthi mbili ya mwanga kizuiwe, na usikiondoe chote hata miche ikikua. Kingo za majani zikiwa kahawia, hewa ni kavu. Majani yote yakiwa ya njano, angalia kwanza kama kiriba kinatuama maji. Wakipanda sisimizi, geuza jani utafute vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, uwafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kichaka kimoja bustanini huenda kisizae kamwe. Arabika hujichavusha, lakini kahawa pori nyingi haziwezi. Panda angalau 10 kutoka kwa mama tofauti, mita 2 kati yao, mbali na robusta na kahawa pori nyingine kama Coffea mufindiensis, maana chavua yao inaweza kuchanganya uzao. Ikiwa huna nafasi ya kuvitenga, fungia tawi mfuko wa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, paka chavua ya kichaka kingine cha Kihansi kwa brashi ndogo, uache mfuko hadi petali zidondoke. Kisha funga kwenye tawi kibao chenye namba za wazazi wote wawili.