Sonona kwenye ICD-10: usikimbilie F32.9

Daktari ameandika "sonona", karani anaweka F32.9, msimbo wa ICD-10 (orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa), faili linafungwa. Nalikuta kosa hili karibu kila wiki. F32.9 ni sonona isiyofafanuliwa, na mara nyingi ufafanuzi upo, ukurasa wa pili tu.

Hatua ya 1: tafuta mania. Usiguse F32 kabla ya kuangalia kama mgonjwa aliwahi kuwa na siku za kutolala na asichoke, maneno hayaishi, pesa anazimwaga. Hiyo ndiyo mania. Daktari akithibitisha bipola (mania na sonona kupokezana), basi hata kama leo kaja analia, msimbo ni wa F31: F31.3 sonona ikiwa ndogo au ya wastani, F31.4 ikiwa kali, F31.5 ikiwa kali na ana dalili za saikosisi, kama kusikia sauti zisizokuwepo. Niliwahi kuiruka hatua hii, mgonjwa akahesabiwa F32 miezi mitatu, hadi kadi yake ya zamani ilipofunguliwa. Siku hizi faili nalianzia nyuma.

Hatua ya 2: mara ya kwanza ni F32. Ilishampata, ikaisha, imerudi? F33. Kurudi kliniki kuchukua dawa hakuhesabiki. Hicho ni kipindi kilekile.

Hatua ya 3: ukali. Kwa F32 na F33 tarakimu ni zilezile: .0 ndogo, .1 ya wastani, .2 kali, .3 kali yenye saikosisi. Aliyewahi kurudiwa na sasa hana dalili ni F33.4. Ukali haujaandikwa? Mrudishie daktari faili. Kuhesabu dalili si kazi yetu sisi tunaoweka misimbo, hata kama unajua kwamba sonona ndogo hudai angalau wiki 2, dalili kuu mbili kati ya huzuni, kukosa hamu na kuishiwa nguvu, na nyingine mbili juu yake.

Hatua ya 4: wanaofanana. Huzuni hafifu ya miaka mingi ni F34.1. Aliyeyumbishwa na badiliko la maisha, F43.2. Msiba peke yake, Z63.4. Mama aliyejifungua watu humpa F53.0 papo hapo, kumbe huo ni wa ndani ya wiki 6 na pale tu ambapo hakuna msimbo mwingine unaomfaa. Akitimiza vigezo vya F32, mpe F32.

Kituo chenu kikihamia ICD-11, toleo linaloifuata ICD-10, iliyoanza kutumika Januari 2022, F32 inakuwa 6A70 na F33 inakuwa 6A71. Tarakimu ya mwisho usiihamishe kama ilivyo: F32.2 ni sonona kali isiyo na saikosisi, ila 6A70.2 ni ya wastani yenye saikosisi. Kali isiyo nayo iko 6A70.3.