Mashine ya Boti Inayozimika Ukipunguza Moto

Mashine ya petroli ya mipigo miwili, ya aina wanayofunga wavuvi wengi wa pwani yetu, ikikimbia vizuri kwa kasi lakini ikazimika ukiachia mafuta, usikimbilie kugeuza skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Fungua kwanza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kisha minya mpira wa kusukumia mafuta: ukibaki laini, bomba linavuta hewa au valvu zake zimechoka. Plagi yenye masizi mabichi isafishwe au ibadilishwe, na kipimo cha oili inayochanganywa na petroli kikaguliwe.

Hata hivyo, chanzo cha mara nyingi ni kabureta, kwa kuwa petroli iliyolala muda mrefu huacha utando unaoziba kile kijitundu chembamba kinacholisha injini wakati wa mzunguko mdogo. Kizibue kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Waya usiutumie kamwe, kwani hupanua tundu. Ndipo urekebishe mzunguko mdogo kwa vipimo vya kitabu cha mashine, injini ikiwa imepata moto na mguu wake, yaani sehemu ya chini yenye propela, umo majini, maana ikiwashwa pakavu huunguza mpira wa pampu ya maji.